Picha Kali za Elimringi

Elimringi hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti anakalia ncha, goti linaanza kucheza, na kabla chai haijapoa keshasimama mlangoni anatazama barabara utadhani kuna mtu kamwahidi kuja. Akitumwa Bomang'ombe anarudi kabla hujamaliza kumsahau. Na mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kupiga picha, kazi ya kutwa nzima kuwaambia wenzako watulie.

Alishuka Moshi mjini kutoka Old Moshi mwaka ule baada ya uhuru, akapata kazi ya kufagia studio ya Mgoa mmoja nyuma ya soko, Bwana Pinto. Bwana Pinto alikuwa mtu mpole mwenye Kiswahili cha kuungaunga, na baada ya kanisa lake hakuna kitu alichokiheshimu kama picha isiyo na ukungu. Kila picha iliyotoka kwenye maji ya dawa aliiwekea kioo cha kukuzia na kutazama kope. Kope zikionekana mojamoja, picha imepita. Zikishikana, anaichana mbele ya mwenyewe na kumrudisha kitini. Jina la jambo hilo kwa Kiswahili hakulijua, kwa hiyo akajitengenezea la kwake. Kisu kinachokata si kikali? Basi na picha yenye kope za kuhesabika ni kali. "Elimringi," alikuwa akisema, "mimi taka picha kali. Kama hapana kali, tupa."

Miaka ile Wahindi na Wagoa wengi walipofunga maduka, Bwana Pinto naye akaondoka, akamwachia Elimringi kamera, taa, na pazia lililochorwa mlima Kilimanjaro. Mlima wenyewe ulikuwa pale nje, ukitoka mlangoni tu unauona, ila una tabia ya kujifunika mawingu siku ile ile mteja anayoutaka. Wa kwenye pazia haukuwa na mawingu. Elimringi aliupenda kwa sababu hiyo hasa.

Kitu cha kwanza alichofanya alipokuwa bwana mkubwa wa studio ni kuandika kibao kwa rangi nyekundu na kukitundika juu ya kamera: HAPA NI PICHA KALI TU. Akachongesha na muhuri wa nyuma ya picha: PICHA KALI, E. MMARI, MOSHI.

Sasa fikiria mtu ametoka mlimani na suti ya harusi ya kaka yake. Amekalishwa kwenye kiti, taa mbili zinamchoma uso, anainua macho anasoma kibao. Hapa ni picha kali tu. Basi, mtu anajua kusoma, anatii. Anakunja uso. Anakaza taya. Bibi harusi naye anamtazama bwana harusi, anaona amekunja, anakunja na yeye. Ukienda leo kwenye nyumba za huku ukafungua albamu za miaka ile, utadhani Wachaga wote walikuwa kwenye kesi ya mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo. Maharusi wamenuna, watoto wa kipaimara wamenuna, mzee na ng'ombe wake wamenuna wote wawili.

Elimringi hakuliona hilo. Atalionaje, na yeye anatazama kope? Aliinama nyuma ya kamera, goti linacheza, akapaza sauti: "Tulia. Usipumue. Nimesema usipumue." Mtoto akijipangusa pua, anamfuata, anamshika kidevu na kumrudisha mahali pake kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa. Karatasi za picha zilipoanza kuadimika, kama sukari na kama sabuni, wenzake wa mjini wakawa wanatoa hata picha zenye ukungu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Yeye aliendelea kuchana.

Halafu akaenda Mkuu, Rombo.

Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, na alikuwa ameitwa kupiga picha za wanafunzi, kina mama na wazee waliojifunza kusoma chini ya mabati ya shule. Mwalimu wao aliitwa Salvina. Elimringi alipanga watu, akawasha moto wa maneno yake, "Tulieni, nataka picha kali," na darasa zima likakunja uso. Salvina akaangua kicheko. "Mwalimu, nawe tulia," Elimringi akamwambia. "Natulia vipi," Salvina akasema, "na wewe mwenyewe mguu wako unapiga cherehani?" Elimringi akatazama goti lake. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Akajikuta anacheka na yeye, na picha ikapita bila yeye kujua kama kope zimetoka au hazikutoka.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na raha. Alitafuta sababu za kwenda Mkuu kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza. Mara filamu ya pili, mara picha za kurudia, mara amesikia kuna ubatizo. Salvina hakuwa mjinga, alijua hakuna ubatizo. Mwaka haukwisha wakawa wameelewana, na Salvina akamwambia alete watu wake.

Baba yake Salvina, Mzee Wenseslaus, alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, na Elimringi ni Mlutheri. Jambo hilo lilimkwama mzee kooni kwa muda, lakini akalimeza. Aliyebaki ni Bibi Epifania. Huyu alikuwa mama yake Mzee Wenseslaus, na ndiye aliyemlea Salvina tangu mama yake alipofariki. Pale nyumbani mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa haiguswi na mtu mpaka Bibi ameonja. Akionja, mambo yameiva. Asipoonja, mrudi mlikotoka.

"Bibi ana shida moja," Salvina alimwambia. "Aliolewa na mtu mkali. Babu alikuwa anampiga hata siku za sikukuu. Ananiambia kila siku, olewa na maskini, olewa na kilema, ila mtu mkali usiniletee."

"Mimi na ukali wapi na wapi," Elimringi alisema.

"Na kama Bibi akikataa," Salvina akaendelea, "mimi sitaolewa huku yeye analia. Nakwambia mapema tujue."

Kwa hiyo Elimringi alijua vizuri kabisa kilicho mbele yake. Bibi aonje mbege, apate mke. Bibi asionje, basi.

Bibi akasema kwanza aletewe picha ya huyo mtu amtazame. Ee, hapo Elimringi aliona amepewa mtihani ambao majibu anayo mfukoni. Alifunga studio mchana kutwa. Akavaa suti, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akatega kisaa chake cha kuifyatua yenyewe, akakimbilia kitini, akakaza mwili mzima asitikisike. Alichana picha nyingi siku hiyo. Iliyobaki ilikuwa na kope, na nywele za nyusi, na uzi wa kola. Akaigonga muhuri nyuma, akampa mjomba wake Filemon, aliyekuwa mshenga, pamoja na debe la mbege nzuri ya mama yake.

Filemon alirudi kesho yake na debe limejaa vilevile.

"Amekataa," alisema, akikaa kwa uchovu. "Tulikuwa tunaongea Kiswahili, maana Kirombo chao na Kichaga chetu havionani. Bibi akaishika picha, akaisogeza karibu na uso, akaitazama sana. Akampa mzee. Mzee akaitazama, akanirudishia. Tunaendelea kuzungumza, nashangaa Bibi anainuka. Anasema huyo ni mkali. Akaingia ndani."

"Mkali? Mimi?"

"Usiniulize mimi, mjomba. Mimi nilibeba debe."

Elimringi alikuna kichwa. Labda ni tai. Labda ni suti. Akapiga nyingine akicheka, peke yake mbele ya kamera, mpaka taya zikamuuma. Filemon akapanda tena Mkuu na mbege mpya. Akarudi na mbege mpya. "Anasema safari hii mkali kuliko mwanzo." Ya tatu Elimringi alivua tai, akashika kitabu cha nyimbo kifuani kama mzee wa kanisa, akakaa kwa unyenyekevu wote alioujua. Filemon hakusubiri kuulizwa aliporudi. Alitikisa kichwa tu, akaomba angalau wao wainywe hiyo mbege maana ilikuwa imeanza kuchachuka na yeye ilikuwa imemchosha bega.

"Na kuna jambo lingine," Filemon alisema baada ya kikombe. "Kuna jamaa wa Himo mwenye lori. Watu wake wanakuja Krismasi. Huyo Bibi hajamkataa."

Roho ya Elimringi ikawa juu juu. Krismasi Wachaga wote wanarudi nyumbani, na mambo ya posa yanamalizwa wakati huo huo, nyama ikiwa jikoni. Mchana alitembea kutoka studio mpaka stesheni ya reli na kurudi bila shughuli yoyote. Alianza kazi akaiacha. Aliweka maji ya dawa akasahau karatasi. Wateja walikaa wakasubiri, yeye amesimama mlangoni anatazama njia ya Himo.

Alasiri moja alishusha boksi alimohifadhi nakala za picha zake, akazimwaga mezani. Alitaka ajue Bibi aliona nini. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za Bwana Pinto akaacha kutazama kope, akatazama watu. Mama yangu, kumbe! Uso baada ya uso, wamekunja, wamekaza, wanamtazama yeye kana kwamba amewakosea. Watoto walikuwa na macho ya kuogopa. Akamwona mtoto mmoja aliyewahi kumshika kidevu. Kidevu kile kilitoka vizuri sana, na chozi juu yake lilitoka vizuri vilevile, na yeye wakati ule aliona picha safi tu akaipitisha.

Kisha akaweka nakala za zile picha zake tatu kando kwa kando. Ya suti, taya zimekaza. Ya kucheka, meno yapo lakini macho hayamo kwenye kicheko. Ya kitabu cha nyimbo, vidole vimekibana kitabu. Na uso ule aliujua. Ulikuwa wa baba yake, Anaeli.

Anaeli alikuwa mtu wa ngumi. Nyumba yao ya Old Moshi mtoto hakukaa mbali na mlango. Ukisikia kikohozi chake uani unapima, na ukisikia sufuria imerushwa unatoka mbio kwenye mibuni, unajilaza mpaka kimya kirudi. Elimringi alikua hivyo, nusu amekaa nusu amesimama, na mama yake akaita hiyo haraka. Alimchukia baba yake mpaka siku anamzika. Na sasa amekaa mbele ya uso wake, umetoka bila ukungu hata chembe, una muhuri wa studio nyuma. Aliogopa. Alisema moyoni, yule bibi ameona, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Wiki ya Krismasi akamwambia Filemon wanakwenda wote. Mama yake akapika mbege nyingine, akakisukuma kile chungu kwa mguu kama kilichomkosea. Elimringi akachukua na kamera, si kwa sababu alikuwa na kazi nayo, alizoea kuwa nayo begani. Barabara ya Rombo wakati huo ilikuwa vumbi na makorongo. Alisimama karibu njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Bibi Epifania walimkuta uani karibu na jiko, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za mtori. Mzee Wenseslaus alikuwa pembeni yake, na Salvina amesimama mlangoni amefumbata mikono, anamtazama Elimringi kwa macho ya kumwambia jikaze.

"Shikamoo, Bibi," Elimringi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Old Moshi."

"Basi umekuja kumwombea yule ndugu yenu." Bibi akaweka kisu chini, akaingiza mkono kwenye kanga kifuani, akatoa picha ya kitabu cha nyimbo. Akamwinulia. "Huyu. Mtu mzuri wa mwili, nimemwona. Lakini mkali. Mrudishieni picha yake."

Picha aliishika kichwa chini, miguu juu.

Elimringi akamtazama machoni. Kutazama macho ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na kwa haya hakuhitaji kioo cha kukuzia. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili, meupe kama maziwa. Bibi alikuwa ametazama picha zote tatu karibu na uso wake na hakuona kitu, na kwa kuwa hakupenda kuambiwa haoni, hakumwambia mtu, na wa nyumbani walidhani bado anaona kidogo.

"Mzee," Elimringi alimgeukia Wenseslaus polepole, "picha ilipokuja, wewe ulisemaje?"

Mzee Wenseslaus akashangaa kuulizwa. "Nilikusifia, baba. Nilisoma muhuri, nikatazama, nikamwambia mshenga wako, hii picha kali kweli. Kope zinahesabika. Ya pili nikasema kali kushinda ya kwanza. Si ndivyo mnavyosema mjini?"

Filemon alijipiga paji la uso. Salvina akaziba mdomo kwa mkono. Bibi Kiswahili chake alikiokota ukubwani, kwa masikio tu, na neno kali alilijua kutoka jua kali, na mbwa mkali wa misheni, na mume. Mwanawe ameshika picha ya mchumba, anasema kali, na ya pili kali zaidi. Wewe ungeonja mbege?

Wakamweleza, huyu anadakia, yule anadakia, kwa Kiswahili na kwa Kirombo, kwamba kali ni picha, si mtu. Ni kama kisu, Bibi. Bibi akasikiliza mpaka wakaishiwa maneno. Kisha akageuza uso kuelekea mahali sauti ya Old Moshi ilipotokea.

"Kumbe ndiye wewe mwenyewe," alisema. "Haya. Kwa hiyo wewe si mkali."

Jibu lilikuwa rahisi. Filemon alikuwa tayari anamkonyeza. Ilitosha kusema si mkali, Bibi, na lori la Himo likaondoka zake. Elimringi akafungua mdomo, akaona kile kidevu cha mtoto.

"Sijui, Bibi," alisema.

Filemon alifumba macho.

"Sijawahi kupiga mtu," Elimringi akasema. "Lakini wateja nawafokea. Kuna mtoto nilimshika nikamliza, sikuona mpaka juzi. Baba yangu alikuwa kama mume wako. Zile picha nilizoleta zimefanana naye. Sitaki kuwa yeye. Sijui zaidi ya hapo."

Kuku alipita katikati yao. Bibi akasukuma maganda kando.

"Babu yake huyu," akasema mwishowe, akielekeza kidole karibu na mahali Salvina alipo, "aliapa mbele ya padri kwamba si mkali." Akajipangusa mikono. "Hiyo kamera unayo?"

"Ninayo."

"Nipige picha."

Elimringi akasimamisha kamera. Ndani ilikuwa imebaki nafasi moja ya mwisho, na filamu nyingine hata Moshi mjini haikuwepo. Akainama. "Tayari, Bibi."

Bibi akageuza kichwa kumfukuza kuku. Akarudi. Elimringi akashika kifyatuo, Bibi akaanza kujifunga kilemba upya. Alipomaliza akakumbuka kumuuliza Salvina kama ndizi zinatosha. Kisha akakohoa, akajikuna shingo, akaanza kueleza habari ya mbuzi wa jirani kwa mikono miwili. Hapo kila mtu akawa ameelewa anachofanya, isipokuwa labda mbuzi. Elimringi, nyuma ya kamera, aliisikia ile "tulia" inapanda kutoka tumboni, ikafika kifuani, ikafika kooni ikiwa na sauti ya Anaeli kabisa. Salvina alikuwa ameacha kucheka, na mikono yake ilikuwa imeshika fremu ya mlango.

Elimringi akameza. Akangoja. Bibi akafika mahali mbuzi alipoingia kanisani, akaangua kicheko kwa hadithi yake mwenyewe, kichwa kikarudi nyuma, kilemba kikaanguka. Elimringi akafyatua.

"Umepiga?" Bibi akauliza.

"Nimepiga, Bibi."

"Itatoka kali?"

Elimringi alisimama wima. Alijua bila hata kuisafisha itakavyotoka, kope hakuna, pua haijulikani iko wapi, mikono imekuwa moshi. Goti lake lilikuwa bado linacheza.

"Hapana, Bibi," alisema. "Hii haitakuwa kali hata kidogo."

Bibi Epifania akanyoosha mkono kuelekea harufu ya mbege.

"Basi nipeni kata," alisema. "Nionje."